Nyuzi mbili kwa mpigo kwenye mashine ya sweta ya nyumbani: vitanzi vinaning'inia, wataalamu njooni

BaridiYaMafinga
Wakuu, habari za jioni. Nina mashine ya mkono ya kufumia sweta, Brother ya kadi, yaani inayochagua maua kwa kadi zenye matundu, ile ya sindano 200. Niliinunua kwa mama mmoja aliyekuwa akifuma sweta za shule kabla hajahamia Dar, na Dar nani anataka sweta.

Kwa uzi mmoja haina neno. Shida ni uzi wenyewe. Unaopatikana huku ni wa koni, mwembamba, ukiufuma peke yake sweta inakuwa kama chandarua, na Juni ya Mafinga mnaijua. Kwa hiyo naweka nyuzi mbili pamoja. Mistari ya mwanzo inatoka safi, halafu nakuta vijitanzi vya uzi mmoja vimening'inia, vingi pembeni, vichache katikati. Kuna sindano inabeba uzi mmoja na kuuacha mwenzake.

Hilo la kwanza. La pili, nataka kufuma sweta za watoto zenye maua ya rangi mbili kwa kadi. La tatu, kuna mteja ambaye mwanawe anawashwa na sufi, yaani manyoya ya kondoo, anataka sweta ambayo nje ni sufi, ndani pamba. Mashine hii inaweza? Karibuni.

Mlachipsi
Naweka kambi hapa.

DalaliWaMakambako
Mkuu, unajitesa bure. Marobota yanafunguliwa kila wiki, sweta za Ulaya zimejaa, unachagua tu.

BaridiYaMafinga
Mkuu, robota halina sweta arobaini za kijani zinazofanana, zenye kola ya mistari. Mwalimu mkuu haelewi habari ya kuchagua.

KoniTatu
Mtoa mada, umeuliza mambo matatu na yote umeyaita nyuzi mbili, lakini kwenye mashine kila moja lina njia yake. La kuchanganya: nyuzi zote zinapita tundu moja na sindano inazibeba kama uzi mmoja. La maua: kila uzi una tundu lake, na kila sindano inapewa mmoja tu, kadi ndiyo inayoamua. La pamba ndani: kila sindano inabeba zote mbili, ila kwa mpangilio, mmoja mbele mwingine nyuma, mwanzo hadi mwisho. Ukitumia njia ya moja kwa jingine utaumwa kichwa.

Tuanze na vitanzi vyako. Tazama ile nguzo iliyosimama nyuma ya mashine. Juu ina antena mbili, zile waya ndefu zinazoinama na kurudi, na kila antena ina visahani vyake vya kubana uzi. Nadhani nyuzi zako zote mbili zinapita antena moja. Zikipita hivyo, visahani vinaubana ule mnene, mwembamba unapita bila kuguswa. Sasa kigari, kile unachokisukuma huku na huku juu ya sindano, kinapofika mwisho na kugeuka, uzi hulegea kidogo, na kazi ya antena ni kuuvuta juu ule uliolegea. Inauvuta mmoja. Wa pili unaingia kwenye sindano za mwanzo za safari ya kurudi ukiwa mrefu kuliko mwenzake. Ndiyo maana vitanzi vyako vingi viko pembeni.

Pitisha kila uzi kwenye antena yake na visahani vyake, zikutane kwenye tundu A la kigari. Na usiziangalie namba za visahani, ziangalie antena. Simamisha kigari katikati ya safari: antena zote mbili ziwe zimeinama sawasawa. Iliyoinama zaidi imebanwa sana, ilegeze.

Vitanzi vya katikati ni kesi nyingine. Vipitie kwa macho uone kama vinajirudia kwenye sindano ileile. Kama ndivyo, ichomoe hiyo sindano uisogeze kwenye mwanga. Kilimi chake, kile kinachofunga na kufungua ndoano, kitakuwa kimepinda au kinakwama. Kwa uzi mmoja sindano mbovu hujificha. Nyuzi mbili zinahitaji kilimi kilale chini kabisa, la sivyo mmoja unapita juu yake.

MtuWaNyahururu
Hujambo ndugu wa Mafinga. Huku kwetu Nyahururu baridi ni ileile na uzi ni uleule. Mimi sipitishi nyuzi mbili kwa antena mbili. Nazikunja kwanza pamoja kwa koni moja, kwa kile kikunjio cha kuzungusha na mkono, halafu naenda nazo kama uzi mmoja. Antena ya pili naiacha kwa rangi ya mistari ya kola. Ukizitumia zote kwa rangi moja, kila ukifika kwa mistari itabidi ufungue na kupitisha upya, na hapo saa zinaisha.

KoniTatu
Ndugu wa Nyahururu, kwa sweta ndogo hiyo inakubali, sikatai. Ila wakati wa kukunja, uzi mmoja huvutwa kidogo kuliko mwenzake, na ile ziada haipotei. Inajikusanya, inajikusanya, na ukiwa kwenye blanketi la kitanda utakuta uzi mmoja umejaa mbele ya visahani kama fundo.

Ukitaka antena moja ibaki huru, iko njia nyingine. Koni ya kwanza iweke sakafuni. Juu yake weka kigoda chenye tundu katikati, na koni ya pili isimamishe juu ya kigoda. Uzi wa chini unapanda kupitia tundu la kigoda, unapenya katikati ya koni ya juu na kutokea kileleni. Uzi wa juu unapofunguka unauzunguka ule wa chini. Hadi zifike kwenye antena zimeshajisokota zenyewe, polepole, na hakuna anayemzidi mwenzake. Koni ya juu isimame wima tu, na ile karatasi ya ndani isiwe na ncha iliyochanika.

MtuWaNyahururu
Ya kigoda sijawahi kuiona. Stuli ya plastiki iko na lile shimo la kuibebea katikati. Kesho najaribu.

BibiSindano
Wanangu, mmezungumza antena na vilimi, hakuna aliyeuliza sponji.

Brother waliacha kutengeneza mashine hizi mwishoni mwa miaka ya 1990. Hata iliyo changa kabisa sasa ni mtu mzima. Juu ya sindano zote unapita upau mrefu wa chuma, mwembamba, unaochomolewa kwa pembeni. Ndani yake kuna sponji inayozikandamiza sindano zikae chini. Chomoa huo upau uutazame. Sponji nzima inatuna nje ya chuma. Iliyokufa imelala bapa, au imegeuka utomvu unaonata. Hapo sindano zinacheza juu chini kigari kinapopita, na nyuzi mbili hutakaa uziweze, hata uwe na antena kumi.

Sponji ya dukani ikikosekana, nenda kwa fundi makochi akukatie ukanda wa sponji nzito, si ile laini ya mito. Ubandike kwenye upau, na juu yake ubandike utepe laini wa kitambaa ili sindano zisikwame. Unene uwe wa kutosha kubana na kuachia. Ukizidi, kigari hakisogei na utavunja sindano.

Na grisi ya zamani imegeuka gundi. Ichomoe sindano moja moja, uzioshe kwa mafuta ya taa, nje, mbali na jiko. Kausha, kisha paka mafuta ya cherehani, kidogo sana. Kuna watu wanapaka mafuta ya kupikia. Msiwaige.

BaridiYaMafinga
Shikamoo Bibi. Nimechomoa upau, sponji imekwisha kabisa, imebaki rangi tu kwenye chuma. Na KoniTatu umeotea: nyuzi zote zilikuwa antena moja, ndivyo mama aliyeniuzia alivyokuwa ameziacha. Naenda kwa fundi makochi asubuhi.

BibiSindano
Marahaba mwanangu. Mpelekee na upau wenyewe, asikukatie kwa kukisia.

Mlachipsi
Sina hata mashine lakini uzi huu siutoki.

KadiYaTundu
Nimsaidie kwenye maua. Kadi zako zina nafasi 24 kwa upana, maana yake ua lako linajirudia kila sindano 24, au kila 12, 8, 6 na kadhalika, namba yoyote inayoigawa 24 sawasawa. Ukichora ua la sindano 10 halitajirudia vizuri, kwa hiyo usipoteze kadi.

Kwenye Brother, mashine husoma mstari safari moja kabla ya kuufuma. Kwa hiyo weka kadi kwenye mstari wa kwanza, ifunge isisogee, kitufe cha kuzungusha kiweke kwenye alama ya KC, kisha fuma safari moja ya kawaida kwa rangi ya msingi. Utaona sindano fulani zimesogea mbele. Hizo ndizo zenye matundu kwenye kadi. Sasa fungua kadi itembee, bonyeza kitufe chenye alama ya MC, rangi ya msingi ibaki tundu A, rangi ya maua iingie tundu B. Sindano zilizosogea mbele zitachukua B, zilizobaki nyuma zitachukua A. Hapa kila rangi lazima iwe na antena yake, hakuna mjadala. Kama uzi wako ni mwembamba na unataka nyuzi mbili kwa kila rangi, ndipo ile stuli ya Nyahururu inaanza kulipa.

Namba ya kigari, ile inayopanga ukubwa wa vitanzi, panda kama moja juu ya ile unayofumia uzi mmoja. Kila rangi isipofumwa inapita nyuma ya kitambaa ikiwa imenyooka, na ukibana, ua linajikunja na sweta inakuwa nyembamba. Fuma kipande cha majaribio cha maua peke yake. Vipimo vya sehemu isiyo na maua havitakusaidia; kitambaa cha rangi mbili hakivutiki kama kile cha rangi moja.

BibiSindano
Hapo pa nyuzi zinazopita nyuma ndipo pananitia wasiwasi. Mtoto anavaa haraka haraka, kidole kinanasa, anavuta, ua limeharibika mbele. Mimi kwa mtoto wa chekechea sikubali uzi uruke zaidi ya sindano tano. Maua madogo madogo, vitone, mistari ya zigizaga, basi. Hayo makubwa ya kujionyesha wafumie watu wazima.

KadiYaTundu
Bibi, ua kubwa linawezekana. Uzi ukiruka mbali, unapofuma unauinua kwa kijiti na kuutundika kwenye sindano ya katikati kila baada ya mistari michache, unafumwa humo humo.

BibiSindano
Na kwa nyeusi juu ya nyeupe unachungulia mbele kama doa. Nimeona nyingi.

KadiYaTundu
Kwa rangi zinazopishana sana, kweli. Basi fuma kwanza, acha nyuzi zilale, ukimaliza chukua ile ndoano ya mkono yenye kilimi, anzia chini, pitisha uzi wa juu ndani ya ule wa chini, panda hivyo mstari baada ya mstari, juu kabisa ushone. Mbele hakionekani kitu.

BibiSindano
Hiyo nakubali. Ila useme na muda wake.

MswahiliWaGlasgow
Salaam kutoka Uskoti. Hayo ya rangi mbili kila mstari, wenzetu huku wanayaita Fair Isle, kwa jina la kisiwa kidogo kilicho kati ya Orkney na Shetland. Ukizitazama zile sweta za mkono zina rangi nyingi mno, lakini hesabu mstari mmoja mmoja: mbili tu. Rangi hubadilishwa mstari hadi mstari. Na mashine yako ni hivyo hivyo, A na B. Ukitaka rangi ya tatu, badilisha iliyo kwenye B kabla ya mstari unaofuata, usijaribu kutia tatu kwa pamoja.

La pamba ndani sufi nje, mashine inaweza, lakini si kwa tundu la kawaida. Kuna kilisha-uzi maalumu cha matundu mawili kinachofungwa mahali pa kile cha kawaida. Huku mashine za zamani zinauzwa sana mitandaoni na mara nyingi kipo ndani ya boksi la vifaa, mwenye nacho hajui ni cha nini. Tafuta kwenye boksi lako kabla hujanunua.

Kazi yake ni kuhakikisha nyuzi mbili zinafika kwenye ndoano kwa njia mbili tofauti, mmoja ukitangulia kulala. Hapa ile mbinu ya stuli ni sumu. Nyuzi zikisokotana, pamba inatokea mbele hapa, sufi pale, sweta inakuwa na madoadoa. Kila uzi antena yake, koni ziwe mbalimbali, na ule unaotaka uonekane mbele uulegeze kidogo kuliko wa nyuma.

Jambo moja linasumbua wanaoanza. Kwenye mashine hizi, upande unaokutazama wakati unafuma ni mgongo wa kitambaa. Uso unaangalia mashine. Kwa hiyo utakuwa unaona pamba tu, hata mambo yakiharibika mbele. Chukua kioo kidogo cha kunyolea, kipitishe chini ya kitambaa baada ya mistari michache, utazame uso. Ukikuta rangi zimekaa kinyume, badilishana matundu.

BaridiYaMafinga
Nimekipata! Kipo kwenye boksi, nilidhani ni kipuri kilichovunjika. Sasa swali: huo uzi ninaouziwa kama sufi nitajuaje ni sufi?

MtuWaNyahururu
Choma kipande kidogo, ukishikilia kwa koleo juu ya sahani. Sufi hunuka nywele zilizoungua na majivu yake yanavunjika kwa vidole. Pamba hunuka karatasi. Akriliki inayeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Wacha ipoe kabla uiguse.

BaridiYaMafinga
Shanga ngumu nyeusi. Yaani mteja anaogopa sufi ambayo haipo.

MswahiliWaGlasgow
Pengine ni heri. Sufi halisi ikioshwa kwa maji ya moto hurudi na kugandamana, pamba hairudi hivyo, na sweta yenye zote mbili inapinda. Akriliki nje na pamba ndani haina matata hayo. Ila asiipige pasi ya moto, akriliki inalala bapa na hairudi tena. Na kabla hujajitia kwenye pamba, mfumie kipande cha akriliki tupu, mtoto akae nacho shingoni kutwa. Huenda hawashwi.

DalaliWaMakambako
Haya, narudi kwa adabu. Mtu akitaka kujua kwa uzi wa koni fulani aweke nyuzi ngapi pamoja, mbili au tatu, anahesabuje? Nina shemeji amenunua mashine kama hiyo.

KoniTatu
Karibu tena mkuu. Tazama karatasi ya koni, utaona 2/28, 2/32 au 2/30. Chukua 2/28. Namba ya pili inasema kila uzi mdogo una mita 28 kwa gramu moja. Ya kwanza inasema mbili kati ya hizo zimesokotwa kuwa uzi mmoja. Gawa 28 kwa 2, uzi ulio mkononi mwako una mita 14 kwa gramu. Ukiweka wawili, gawa tena kwa 2, unapata mita 7. Ukiweka watatu, mita 4.7 hivi.

Mashine ya sindano 200 imeachanisha sindano milimita 4.5, na inafurahia kuanzia mita 7 hadi mita 4 kwa gramu. Wawili wa 2/28 wanatoa sweta nyepesi ya shule, watatu wanatoa sweta ya Njombe. Wanne ni mita 3.5, kigari kinaanza kulalamika. Kwa 2/32, watatu ni mita 5.3, na hapo ndipo mimi hukaa, jina langu linajieleza.

Watatu kwenye antena mbili: wawili wapite kwa stuli kwenye antena ya kwanza, wa tatu peke yake kwenye ya pili. Ukiona uzi unakwaruza na kushtuka kwenye visahani, chukua kipande cha mshumaa uupitishe juu ya koni pande zote, utateleza.

BaridiYaMafinga
Mrejesho wakuu. Sponji mpya imeingia, fundi makochi amekata vizuri, utepe nimenunua kwa muuza vifaa vya cherehani. Antena mbili, nyuzi mbili. Pembeni pamenyooka. Katikati kulikuwa na sindano mbili zenye vilimi vizito, nimezihamishia mwisho kabisa wa mashine ambako sifiki na kuleta za huko.

Limebaki moja. Mikono ya sweta za shule inalegea baada ya kufuliwa mara chache, watoto wanaivuta kufunika vidole. Naweza kutia uzi wa mpira pamoja na uzi wa kawaida kwenye ribu ya mkono, ule ukingo wa mwisho unaovutika?

BibiSindano
Unaweza, na ndiyo dawa yake. Tumia ule mpira mwembamba sana wa koni, si wa cherehani wa kukunjwa kwenye bobini. Kile kilisha-uzi cha matundu mawili kinafaa hapa pia, mpira ukae ndani usionekane. Usiupitishe kwenye visahani vilivyobana. Ukiingia ukiwa umevutika, ukitoa kitambaa kwenye mashine kinarudi na mkono hauingii. Uende ukiwa umelegea, antena iuinue tu.

Anza na mpira mstari wa pili, si wa kwanza, na ukate mistari michache kabla ribu haijaisha. Ncha zake usifunge fundo, zipitishe kwa sindano ya mkono ndani ya mshono wa pembeni.

MtuWaNyahururu
Stuli imefanya kazi. Swali kwa Bibi: huo mpira unastahimili maji ya moto?

BibiSindano
Ya vuguvugu. Na wasianike kwenye jua kali, jua ndilo linaloumaliza mpira kabla ya maji.